Mwalimu aliyeusikiliza mlima wa Udzungwa

Basi la Mbeya likishamaliza kona za Iyovi, hewa inabadilika. Joto la bonde la Ruaha linaingia madirishani, vumbi linakuwa jekundu, na mibuyu inaanza kujitokeza kushoto na kulia kwa barabara, mingine imenenepa kiasi kwamba watu wanne wakishikana mikono hawaizunguki. Hapo ndipo Ruaha Mbuyuni, Wilaya ya Kilolo, mlango wa Mkoa wa Iringa kwa anayetoka Morogoro. Wachuuzi wanainua vitunguu vilivyofungwa kwenye nyavu mpaka usawa wa dirisha. Magunia ya lumbesa yanasubiri lori. Abiria ananunua, anaegemeza kichwa kwenye kiti, na mawazo ya basi zima yanahamia kwenye mlima Kitonga.

Wachache hutazama kushoto. Ng'ambo ya mashamba ya vitunguu na nyanya umelala mlima mrefu, mkavu, wenye vichaka vya miiba na miti inayopukutisha majani yote kiangazi kinapokolea. Huo ni mgongo wa Udzungwa. Ukiutazama kutoka barabarani mwezi wa Septemba huwezi kuamini kwamba upande wa pili, ule unaotazama bonde la Kilombero na Bahari ya Hindi, kuna sehemu zinazopata mvua ya zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Mawingu yanayotoka baharini hugonga mlima na kumwaga maji yake kule. Yakishavuka, Ruaha Mbuyuni inapata masalio. Kule nyuma msitu unaanza chini kabisa, kwenye mita 250 hivi kutoka usawa wa bahari, na kupanda ukiwa umeshikana mpaka juu ya mita 2,000. Kilele chake, Luhombero, kina mita 2,576. Kuna wanyama huko ambao hawapo mahali pengine popote duniani.

Kwamba tunajua hivyo, na kwamba tulianza kujua mapema kiasi cha kuwahi kuuokoa msitu ule, ni deni ambalo kwa sehemu kubwa tunadaiwa na mwalimu mmoja wa zuolojia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Aliitwa Alan Rodgers. Alizaliwa mwaka 1944 na kufariki mwaka 2009. Katika machapisho jina lake huandikwa W. A. Rodgers, na mwanafunzi yeyote wa wanyamapori Tanzania aliyewahi kuandika tasnifu amelikuta, hata kama hakuwahi kujua ni la nani.

Kabla ya kushika chaki alikuwa mtu wa porini. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 mpaka katikati ya miaka ya 1970 aliishi na kufanya kazi Selous, katika kituo cha utafiti wa miombo kilichokuwa Kingupira, upande wa mashariki wa pori. Siku hizi sehemu kubwa ya Selous imekuwa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, na watalii wanafika kwa ndege ndogo. Wakati ule palikuwa mbali na kila kitu: mbung'o, mvua inayofunga njia kwa miezi, na miombo isiyo na mwisho. Tasnifu yake ya uzamivu, aliyoiwasilisha Chuo Kikuu cha Nairobi, ilihusu wanyama wakubwa walao majani katika miombo ya kusini-mashariki mwa Tanzania. Miombo haikuwa na mvuto kwa watafiti wengi wa enzi hizo. Walipenda Serengeti, ambako mnyama unamwona toka mbali. Ndani ya miombo mnyama husikika au huonekana mkia tu, nyasi zikiwa juu ya kichwa cha mtu. Rodgers aliona kwamba nchi ambayo sehemu kubwa ya uso wake ni miombo haina budi kuielewa.

Kazi ya Kingupira ilikuwa ya kuhesabu na kuandika. Mwaka 1973 alichapisha, pamoja na Ludanga, maelezo ya uoto wa Selous ya mashariki. Mtaalamu wa mimea kutoka Denmark, Kaj Vollesen, aliyefanya kazi kituoni hapo, alitoa mwaka 1980 orodha ya mimea ya pori lile yenye aina zaidi ya 2,000. Rodgers na mwenzake Lobo walipekua pia kumbukumbu za serikali, wakaandika katika jarida la Tanzania Notes and Records historia ya tembo waliouawa kulinda mashamba na pembe zilizouzwa kihalali tangu mwaka 1920 hadi 1976. Hapo nasimama kidogo, kwa sababu watu wengi hudhani mtaalamu wa viumbe ni mtu wa darubini na wavu wa kukamatia vipepeo. Huyu aliingia kwenye majalada yenye vumbi, akajumlisha safu za namba zilizoandikwa na mabwana nyama waliokwisha kustaafu au kufa, kwa sababu alijua kwamba historia ya mnyama imo pia ofisini.

Thamani ya namba za zamani inaonekana baadaye sana. Sensa ya mwaka 1976 ilikadiria tembo wapatao 109,000 katika eneo la Selous. Sensa ya mwaka 2013 ilikuta kama 13,000. Asingekuwepo mtu wa kuhesabu mwaka 1976, mwaka 2013 tungesimama mbele ya wale 13,000 tukadhani ndivyo ilivyokuwa siku zote.

Katikati ya miaka ya 1970 alihamia Idara ya Zuolojia ya chuo kikuu, Mlimani, na kukaa huko mpaka katikati ya miaka ya 1980. Ilikuwa miaka migumu kwa kila mtu nchini. Vita vya Uganda vilikuwa vimekula akiba ya taifa, petroli ilikuwa ya kugawana, sukari ilikuwa ya foleni, vipuri vya Land Rover havipatikani. Hata hivyo ndiyo miaka ambayo misitu ya Tanzania ilifanyiwa kazi kubwa kuliko wakati wowote kabla. Kimboza, msitu mdogo wa mawe ya chokaa chini ya Uluguru, ulichunguzwa na kuandikwa mwaka 1983 na Rodgers pamoja na John Hall, Leonard Mwasumbi, Griffiths na Vollesen. Usambara iliandikwa mwaka 1982. Mwaka 1985 akiwa na Mziray na Shishira alitoa makadirio ya ukubwa wa misitu ya nchi nzima kwa kutumia picha za setilaiti, wakati ambapo wengi wetu hata televisheni hatukuwa nayo Bara. Tazama majina hayo: Ludanga, Lobo, Mwasumbi, Mziray, Shishira. Alikuwa na tabia ya kuandika na watu aliofanya nao kazi. Tabia hiyo inastahili kutajwa, kwa kuwa kuna watafiti wengi waliopita nchi hii ambao wenzao Watanzania waliishia kwenye sentensi moja ya shukrani mwishoni mwa makala.

Sasa nije Udzungwa.

Mwaka 1979 Rodgers na mtafiti mwenzake Katherine Homewood walikuwa msituni juu ya kijiji cha Sanje, upande wa Kilombero, wakichunguza nyani na jamaa zao. Mnyama aliyejulikana zaidi huko alikuwa mbega mwekundu wa Udzungwa, ambaye haishi nje ya milima hiyo na bonde la Kilombero. Wakiwa humo wakasikia mlio ambao haukupaswa kuwepo. Ni sauti kubwa inayosafiri mbali, inaanza kwa mwito mmoja, inanyamaza kidogo, kisha unafuata mfululizo wa kugugumia. Homewood aliijua sauti ya aina hiyo. Alikuwa ameandika tasnifu yake ya uzamivu juu ya mangabe, jamii ya nyani wa msituni, wa Mto Tana, kule Kenya, na kwa ujuzi wa wakati ule mangabe wa jamii hiyo hawakuwepo popote Tanzania. Walikuwa misitu ya Kongo na Afrika Magharibi, na kundi moja dogo lililobaki limejitenga kando ya Tana. Kusikia mangabe Sanje ilikuwa ni kusikia kitu ambacho vitabu vyote vilisema hakipo.

Wakamuuliza kiongozi wao wa msituni, Langson Kisoma. Yeye hakushangaa. Akasema huyo ni ngolaga. Kesho yake akawapeleka kumwona mtoto yatima wa mnyama huyo aliyekuwa akifugwa jirani. Habari ikaisha hapo: mnyama mkubwa, mwenye kilo kadhaa, mwenye sauti inayosikika bonde zima, aliyekuwa hana hata mstari mmoja katika kitabu chochote cha sayansi, alikuwa amefungwa kamba nyumbani kwa watu.

Mwaka 1981 Homewood na Rodgers walitoa makala ya kurasa tisa katika jarida la kimataifa la elimu ya nyani, wakimtambulisha mangabe wa kusini mwa Tanzania asiyewahi kuelezwa. Mwaka 1986 akapewa jina la kisayansi, Cercocebus sanjei, na jina la kijiji cha Sanje likaingia katika maabara na makumbusho ya dunia. Wanyama hao sasa wanakadiriwa kuwa kama elfu tatu. Wapo katika sehemu mbili tu: msitu wa Mwanihana, ulio ndani ya hifadhi ya taifa, na msitu wa Uzungwa Scarp upande wa kusini, na makundi hayo mawili hayawezi kukutana kwa sababu katikati pana mashamba na vijiji.

Nimekuwa nikilifikiria tukio la Sanje kwa muda mrefu, na kila mara naona kwamba sehemu ya Kisoma ndiyo nzito. Rodgers na mwenzake walikuwa na masikio yaliyofunzwa na kalamu. Kisoma alikuwa na maisha yake yote. Lakini angeweza kukaa kimya. Mtu wa kijijini akiona wageni wenye daftari wanashangaa mnyama ambaye yeye amemjua tangu utotoni, mara nyingi anawaacha wamalize mshangao wao waende. Kisoma alijibu kwa sababu aliulizwa, na aliulizwa na watu waliokuwa tayari kuamini jibu lake na kutembea kesho yake kwenda kulithibitisha. Naamini hapo ndipo ulipo ukubwa wa Rodgers. Mtaalamu anaweza kukaa miaka ishirini nchini asiwahi kumuuliza kiongozi wake wa njia swali la kweli.

Mwaka 1982, mwaka mmoja baada ya makala ya ngolaga, Rodgers na Homewood walichapisha makala nyingine, hii ikiwa juu ya thamani ya misitu ya Udzungwa na hatima ya nyani wake. Ndani yake walipima msitu mmoja baada ya mwingine na kueleza hatari inayoukabili kila mmoja. Ujumbe ulikuwa kwamba milima hii, ambayo mpaka hapo ilikuwa chini ya kivuli cha Usambara na Uluguru katika akili za wanasayansi, ni hazina ya kiwango cha dunia na inahitaji ulinzi wa juu kuliko ule wa msitu wa kawaida wa serikali. Miaka kumi baadaye, 1992, ilitangazwa Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa, yenye kilomita za mraba 1,990. Mpaka wake wa kaskazini unafika huku kwetu: kutoka Ruaha Mbuyuni ukichepuka kuingia Msosa unakuwa mlangoni mwa hifadhi hiyo hiyo aliko ngolaga, ingawa wewe utaanza safari yako kwenye mibuyu na mikwaju, na yeye anakaa kwenye ukungu.

Mwangwi wa mangabe ulikuwa na maana nyingine pia, ya zamani zaidi. Mnyama wa msitu mnene havuki kilomita mia kadhaa za nyika kavu. Akikutwa Udzungwa, ndugu zake wakiwa Kongo na Tana, maana yake kuna wakati msitu ulitanda toka upande mmoja wa bara hadi mwingine, kisha hali ya hewa ikakauka, msitu ukakatika vipande, na milima hii ikabaki na kipande chake kwa sababu bahari haikuacha kuiletea mawingu. Kila mwaka, kwa mamilioni ya miaka. Viumbe waliokuwa wameenea pengine wakafa kule, wakasalia hapa. Ndiyo maana mwaka 1991, watafiti wa Denmark walipokuwa kambini katika msitu wa Ndundulu, upande wa Iringa wa milima hiyo hiyo, wakaona miguu ya ndege wasiyemfahamu ndani ya sufuria ya mchuzi, ndege huyo alipochunguzwa alionekana kuwa na ujamaa na kwale wa misitu ya Asia kuliko kwale yeyote wa Afrika. Leo anaitwa kwale wa Udzungwa. Aliandikwa rasmi mwaka 1994. Waliompika walikuwa wanamjua, bila shaka, na walimjua kwa ladha.

Halafu akaja kipunji. Mwaka 2003 kikundi cha Tim Davenport kilikuwa kikifanya kazi kwenye Mlima Rungwe, Mbeya, na kilikuwa kimesikia kwa wawindaji wa Kinyakyusa habari za nyani mwenye haya anayeitwa kipunji. Wengine walidhani ni mnyama wa hadithi. Mwezi wa Desemba mwaka huo walimwona waziwazi. Mwaka 2004 kikundi kingine, cha Carolyn Ehardt na Trevor Jones, kikamwona mnyama yule yule Ndundulu, kilomita mia tatu na zaidi kutoka Rungwe, bila ya kikundi kimoja kujua habari za kingine. Jarida la Science likatangaza mwaka 2005. Mwaka 2006 uchunguzi wa vinasaba ukaonyesha kwamba anastahili jenasi yake mwenyewe, nayo ikaitwa Rungwecebus. Ilikuwa imepita zaidi ya miaka themanini tangu Afrika ipate jenasi mpya ya nyani. Sensa iliyotangazwa mwaka 2008 ilihesabu kipunji 1,117 kwa jumla, Mbeya na Iringa. Mbinu iliyomfichua ni ile ile ya Sanje: wenyeji wakasema, mtu akasadiki, akaenda kutazama.

Rodgers alikuwa hai kuyaona yote hayo, na natumaini yalimpa furaha. Lakini moja lilimchelewea.

Katika bonde la Kilombero, chini ya Udzungwa, kuna msitu wa tambarare unaoitwa Magombera. Mwaka 1979, mwaka ule ule wa ngolaga, Rodgers, Homewood na Hall waliandika ripoti ya uchunguzi wa msitu huo kwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Walieleza kwamba ni mabaki ya thamani sana ya msitu wa bondeni, wenye mbega wekundu na miti adimu, na kwamba haufai kuachwa mikononi mwa bahati. Reli ya TAZARA ilikuwa tayari imepita katikati yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 ukaondolewa kwenye orodha ya misitu ya hifadhi, kwa nia njema: uunganishwe na Selous upate ulinzi bora. Hatua ya kwanza ikatekelezwa. Ya pili haikutekelezwa. Msitu ukabaki hauna mwenyewe, si wa misitu wala si wa wanyamapori, huku magogo yakitoka na mkaa ukichomwa na mashamba ya miwa yakisogea.

Hali hiyo ilidumu miongo. Watafiti walikuja, wakaandika kwamba msitu unakwisha, wakarudi kuandika tena. Andrew Marshall, mwanasayansi Mwingereza, alikuwa siku moja msituni humo alipomkurupusha nyoka, na nyoka yule akamtapika kinyonga aliyekuwa anammeza. Kinyonga hakuwa na jina. Mwaka 2009 alichapishwa kwa jina la Kinyongia magomberae. Rodgers alikufa mwaka huo huo. Alikufa huku Magombera ikiwa bado haina ulinzi wa kisheria aliouomba miaka thelathini kabla. Mwaka 2019 ndipo ilipotangazwa kuwa Hifadhi ya Mazingira Asilia. Miaka arobaini kamili kutoka ripoti hadi tangazo. Nikisikia mtu anasema utafiti ni makaratasi yanayolala makabatini, namkumbusha Magombera: karatasi ile ililala, ni kweli, lakini kila aliyekuja kuutetea msitu baada ya hapo alianza kwa kuitaja, na isingekuwepo asingekuwa na pa kuanzia.

Kuna kazi yake nyingine ambayo haina mnyama wa kuvutia ndani yake, na ambayo mimi naipenda kuliko zote. Mwaka 1986 yeye na Hall walichapisha utafiti juu ya ukataji wa fito na boriti katika misitu ya Tanzania. Kila anayejenga nyumba ya udongo anajua hesabu hii: unahitaji nguzo, unahitaji fito za kufunga ukuta, unahitaji boriti za paa, na baada ya miaka kadhaa mchwa wakishakula unahitaji tena. Wapi zinatoka? Walipita msituni kwenye mistari iliyonyooka wakihesabu vijiti vilivyosimama na visiki vya vilivyokatwa, wakapata kipimo cha mzigo ambao msitu unabebeshwa na nyumba zinazouzunguka. Tangu wakati huo, anayekagua msitu wa hifadhi katika milima hii hufanya kwa namna hiyo hiyo: vilivyo hai, vilivyokufa, vilivyokatwa. Haihitaji mashine. Mwanakamati wa maliasili wa kijiji anaweza kufundishwa kwa asubuhi moja akaifanya maisha yake yote. Sayansi inayoweza kushikwa na mkono wa mwanakijiji ina heshima yake.

Alikuwa na hisia hiyo ya watu hata pale wengine walipokuwa wanawaona watu kuwa ndiyo maradhi. Miaka ya mwanzo ya 1980 alifanya utafiti Ngorongoro pamoja na Homewood, na mwaka 1991 wakatoa kitabu chao, Maasailand Ecology, kupitia Chuo Kikuu cha Cambridge. Walipima malisho, ng'ombe, maziwa, magonjwa na wanyamapori, wakahitimisha kwamba ufugaji wa Kimasai haukuwa ukiiharibu Ngorongoro kama ilivyokuwa ikidaiwa. Hitimisho hilo liliwaudhi baadhi ya wahifadhi wa wakati ule, na mjadala wenyewe haujaisha mpaka leo, kama kila msomaji wa gazeti anavyojua. Sitaumaliza hapa. Ninachotaka kusema ni kwamba mtu aliyetetea hifadhi ya Udzungwa na mtu aliyetetea wafugaji wa Ngorongoro kwa takwimu ni mmoja, na sioni mgongano. Katika kila mahali alikwenda kupima kabla ya kusema.

Ndiyo sababu najiuliza angesema nini juu ya kuni. Baada ya hifadhi ya Udzungwa kuanzishwa, wakazi wa vijiji vya upande wa Kilombero waliruhusiwa kwa miaka mingi kuingia siku moja kwa wiki kuokota kuni zilizoanguka. Ruhusa hiyo ilikoma mwaka 2011. Ulinzi wa msitu uliimarika. Mwendo wa mama mwenye mzigo kichwani ukawa mrefu, au bei ya mkaa ikamkuta. Huwezi kuwa umeishi pembezoni mwa hifadhi ukalichukulia jambo hili kwa wepesi. Waliopanda miti mashambani mwao mapema walipumua; wasio na shamba la kutosha hawakupata pa kupumulia. Huo ni utafiti wa aina ya Rodgers kabisa: ni mizigo mingapi, inatoka wapi, nani anaibeba.

Katikati ya miaka ya 1980 alikwenda India, katika taasisi ya taifa ya wanyamapori iliyoko Dehra Dun. Huko yeye na H. S. Panwar waliigawa nchi ile kubwa katika kanda kumi za viumbe na mwaka 1988 wakatoa mpango wa wapi hifadhi zipo na wapi zinakosekana. Wahindi wanautumia mgawanyo huo hadi leo. Kisha akarudi Afrika Mashariki. Mwishoni mwa miaka ya 1990 alikuwa mshauri mkuu wa kitaalamu wa mradi wa Kenya, Tanzania na Uganda wa kulinda viumbe wa maeneo ya mipakani, chini ya Umoja wa Mataifa. Kazi hiyo ni ya mikutano na bajeti, na siwezi kuifanya isisimue. Lakini fedha zilizoanza kuingia katika misitu ya milima ya Tanzania miaka hiyo ziliingia kwa kuwa palikuwa na watu waliojua msitu upi uulizwe kwanza.

Milima hii, kuanzia Taita Kenya hadi Udzungwa, sasa huitwa Tao la Mashariki, na tathmini iliyochapishwa mwaka 2007 ilihesabu viumbe wenye uti wa mgongo wasiopungua 96 wasiopatikana pengine. Udzungwa inaongoza. Mwaka 2008 aliongezwa mnyama mwingine kutoka Ndundulu, isanje (mnyama mdogo mwenye pua ndefu) mwenye uso wa kijivu, mkubwa kuliko jamaa zake wote. Na tusisahau maji. Mto Ruaha Mkuu unaopita pembeni mwa Ruaha Mbuyuni unatoka Mtera na kwenda kugeuza mitambo ya Kidatu, megawati 204, na njiani unapokea vijito vinavyoshuka toka kwenye mlima ule ule ambao abiria hautazami. Mkulima wa vitunguu anayefungulia maji kwenye majaruba yake mwezi wa Agosti anatumia mvua iliyonyesha msituni, juu, mahali ambapo pengine hajawahi kufika.

Ningependa afike, walau kwa kusoma. Makala ya ngolaga ya mwaka 1981 ina kurasa tisa. Ile ya misitu ya Udzungwa ya mwaka 1982 ina kama ishirini. Zote zimeandikwa kwa Kiingereza cha kitaalamu. Wapo walimu wa baiolojia Iringa na Kilolo wanaoweza kuzitafsiri kwa likizo moja, na Kiswahili kina maneno ya kutosha. Watoto wa shule za sekondari za bonde hili husoma ainisho la viumbe kwa mfano wa simba na ua la mhibiskasi, ilhali mlima ulio mbele ya dirisha la darasa una mangabe, kipunji, kwale na isanje ambao mtoto wa London hana. Nikiulizwa jinsi ya kumkumbuka mwalimu yule, ningeanzia hapo: tafsiri hizo mbili, katika maktaba ya kila shule kutoka Ruaha Mbuyuni mpaka Udekwa, na kwenye ukurasa wa kwanza majina matatu, Alan Rodgers, Katherine Homewood na Langson Kisoma, kwa herufi za ukubwa mmoja.